Picha za Mtaani Iyunga: Uso wa Mtu Siyo Kiki Yako

Iyunga, saa kumi na mbili jioni. Jamaa wa ofisini katoka kazini hoi, tai imelegea, begi la laptop kalikumbatia, kichwa kakiegemeza kwenye dirisha la daladala. Kasinzia, mdomo wazi. Nje kuna kijana na kamera: cha! Gari halijafika hata Mwanjelwa, picha iko Instagram, kepsheni "Bosi kachoka". Watu wanacheka, mpiga picha anavuna wafuasi. Mwenye uso? Hana habari.

Ukiwauliza hawa wasanii, jibu lao ni moja: "Mbona Tokyo wanafanya?" Kweli wanafanya. Mpoland mmoja, Pawel Jaszczuk, alijipatia jina kwa picha za wafanyakazi wa ofisini waliolala fofofo mitaani Tokyo, suti zikiwa bado mwilini. Ila hata Japani si shamba la bibi: Mahakama ya Juu ya huko ilishasema tangu 1969 kwamba mtu ana uhuru wa kutopigwa picha ya sura yake ovyo bila ridhaa.

Tena Tokyo suti moja inapotea kati ya mamilioni ya watu. Iyunga inapotelea wapi? Konda anamjua, mama wa chipsi anamjua, na yule aliyemkopesha kausha damu anamjua kuliko wote. Bosi naye ana simu. "Sijataja jina" ni utetezi wa kitoto. Uso ndiyo jina lenyewe.

Bongo nako sheria ipo. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi Mei 1, 2023. Ukishaanza kula hela ya matangazo kwa uso wa mwenzio, usiseme unacheza tu na simu yako.

Hakuna anayetaka kamera zifungiwe. Mbeya inahitaji picha zake: stesheni ya TAZARA, ukungu wa asubuhi, watu wanaowahi kazini. Ila kuomba hakugharimu hata mia. Mwonyeshe picha. Akikataa, futa. Kalala? Mpige mgongo, au muache apumzike.

Ajabu ni kwamba hao hao wakipigwa wao wamelala, picha haimalizi dakika tano, wanapiga simu: "Kaka, naomba uitoe."

Haya wadau, ingekuwa baba yako kwenye ile daladala, ungelaiki?