Kijana Aendapo Andalusi

Kila mwaka ikaribiapo likizo ya Pasaka, wazee wenye watoto wasomao Uingereza, Ujerumani na kwingineko Ulaya hupata ombi lile lile. Kijana ameishi miezi sita katika baridi na mvua, na wenzake sasa wanafunga mizigo kwenda miji yenye jua. Naye ataka kwenda. Mzee wake aliye Tanga au Mombasa asikiapo jina la Hispania, la kwanza limjialo moyoni ni ulevi na makelele ya usiku. Hukataa. Kijana hunyamaza, kisha huenda bila ya kuaga.

Sisi hatuoni kuwa kukataa ndilo jawabu. Mwenyezi Mungu katika Qur'ani tukufu ametuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia, wala jua halikuharimishwa. Neno letu ni juu ya njia aishikayo msafiri. Wengi hushuka Málaga wasiiache pwani mpaka siku ya kurudi, wakaleta picha za miguu yao mchangani. Na mchanga hata Bagamoyo upo, tena bila ya kulipa nauli ya ndege. Ilhali mwendo wa saa chache tu ndani ya nchi iko miji ya Sevilla, Córdoba na Granada, ambayo Waislamu waliitawala kwa karne nyingi tangu walipovuka bahari mwaka 711.

Aanzie Sevilla. Mwezi wa Aprili mitaa yake hunukia maua ya michungwa, na baadhi ya matunda bado yaning'inia juu ya njia. Asidanganyike akayachuma kuyala, kwani hayo ni madanzi! Mnara wa kanisa kuu la mji huo, uitwao Giralda, ulijengwa kuwa mnara wa msikiti na kumalizika mwaka 1198. Ndani yake njia ya kupandia haina ngazi bali ni mteremko, ambao hata mnyama aweza kuupanda. Katika wiki ya Pasaka wenyeji huandamana mitaani usiku na mchana wakibeba masanamu yao. Ni ibada yao. Mgeni apishe njia kwa adabu, na ajue kuwa nyumba za wageni siku hizo ni ghali mno. Na atege sikio sokoni. Sukari huiita azúcar, zeituni aceituna, na mkuu wa mji ni alcalde, ambalo ni neno letu kadhi. Mtoto wa Kiswahili hayuko ugenini kabisa hapo.

Kutoka Sevilla hadi Córdoba ni kama dakika 45 kwa treni ya kasi. Hapo ndipo penye mtihani wa safari nzima, na twapenda kukaa hapo kidogo.

Msikiti mkuu wa Córdoba ulianzwa na Abd al-Rahman wa kwanza mwaka 785, na watawala waliomfuata wakaupanua mara kwa mara. Zimebaki nguzo zaidi ya 800, na juu yake matao ya rangi nyekundu na nyeupe yafuatanayo mpaka jicho lachoka. Mfalme Ferdinand wa tatu alipouteka mji mwaka 1236 aliugeuza kanisa, na tangu mwaka 1523 likajengwa kanisa zima katikati ya nguzo hizo. Mihrabu ingali ipo, yang'aa kwa dhahabu na aya zilizoandikwa kwa vijiwe vya rangi. Kijana atalipa kiingilio, atasimama mbele yake, na haruhusiwi kusali.

Afanyeje? Katika wiki ya Pasaka ya mwaka 2010 kundi la Waislamu waliotoka Austria lilianza kusali humo. Walinzi wakawazuia, ugomvi ukazuka, wawili wakakamatwa. Uchungu wao twaujua, wala hatuwacheki. Lakini hatuwashauri vijana wetu kuwafuata. Mwenye kudai ni mwenyeji, na Waislamu wa Hispania walikwisha dai kwa njia yake, walipopeleka ombi lao Vatikani mwaka 2004, ingawa hawakupewa walichotaka. Mgeni wa siku moja aliyeingia kwa tiketi, akijua sharti la mlangoni, akiifanya sala kuwa ugomvi huwaachia wenyeji hasara, kisha hupanda ndege akaenda zake. Na atoke uani, amwombee dua aliyejenga, kisha asali mahali pengine safi. Ardhi yote tumefanyiwa msikiti.

Tena asitoke na hasira za upande mmoja. Kiasi cha kilomita 8 nje ya mji yako magofu ya Madinat al-Zahra, mji wa fahari ulioanzwa mwaka 936. Haukuvunjwa na Wakristo. Uliporwa na askari wa Kiislamu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ukiwa haujatimiza hata miaka 80. Na Ibn Rushd, mzaliwa wa Córdoba wa mwaka 1126, aliyekuwa kadhi wa mji huo na mwandishi wa Bidayat al-Mujtahid, alihamishwa uzeeni na mtawala Mwislamu, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Haya nayo yasomwe pamoja na yale ya mwaka 1236.

Juu ya sala, msafiri wa namna hii kwa madhehebu yetu ya Shafii aweza kupunguza na kukusanya, maadamu hakunuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka. Atazame saa vizuri: katikati ya Aprili huko Sevilla adhuhuri huingia baada ya saa nane na dakika 20 mchana, na magharibi karibu na saa tatu usiku. Chakula chataka macho. Mapaja ya nguruwe hutundikwa madukani kama ndizi kwetu, na mafuta yake huingia hata katika baadhi ya vitamutamu. Lakini samaki wa kukaanga ni wengi, na wazuri.

Granada aiweke mwisho. Ulipotolewa mji huo tarehe 2 Januari 1492, Waislamu walikuwa wameahidiwa kwa mkataba kuachiwa dini yao. Haikupita miaka kumi ahadi ikavunjwa, na kati ya 1609 na 1614 wajukuu wao wakafukuzwa nchini. Katika kuta za kasri la Alhambra yangali yamechorwa, mara zisizohesabika, maneno yasemayo kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ng'ambo ya bonde, katika mtaa wa Albaicín, uko msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, baada ya Waislamu wa mji kuushughulikia kwa zaidi ya miaka 20. Bustani yake yaikabili Alhambra, na humo kijana atasali bila ya kuzuiwa na mtu.

Tiketi za Alhambra huandikwa jina la mgeni na saa ya kuingia, na wakati wa Pasaka huisha mapema. Mzee aliyekwisha kutoa ruhusa asikawie kutuma nauli.