Kuzima na Kuwasha si Kutengeneza

Umeme unaporudi Nyegezi baada ya kukatika jioni, katika nyumba nyingi siku hizi jicho halianzi kutazama taa ya sebuleni, bali taa ndogo za kile kisanduku kilichofungwa na kampuni ya intaneti, kiitwacho ruta. Mwanafunzi wa kidato cha nne anangoja kupakua mitihani ya miaka iliyopita. Mama anangoja ujumbe wa mnunuzi wa dagaa. Taa zinawaka, lakini intaneti haipo. Hapo hufuata ibada ijulikanayo na wote: kisanduku huchomolewa, watu huhesabu hadi kumi, kisha huchomekwa tena. Ikishindikana, hurudiwa. Ikishindikana mara ya tatu, kampuni hulaaniwa, na jioni ya masomo huwa imekwisha.

Ibada hiyo haikosi maana kabisa. Ruta ni kompyuta ndogo. Kuizima husafisha kumbukumbu yake na kuilazimisha iombe upya anwani kutoka kwa kampuni, na mara nyingine hilo latosha. Ubaya wake ni kwamba hufuta ushahidi. Hitilafu ikiondoka, hakuna ajuaye ilikuwa nini. Isipoondoka, hakuna aliyejifunza lolote. Ni sawa na kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kumpima damu: baadhi watapona, na wengine watazidiwa na ugonjwa ambao haukutafutwa. Inasikitisha kwamba vijana wanaofundishwa utaratibu wa majaribio ya sayansi asubuhi huusahau jioni, mbele ya kifaa ambacho kingewafaa kwa majaribio kuliko vingi vilivyomo katika maabara za shule.

Kutoka kwenye simu ya mwanafunzi hadi kwenye kompyuta inayohifadhi mitihani hiyo kuna mnyororo mrefu: simu yenyewe, mawimbi ya waifai, ruta, kisha uzi wa kioo uitwao faiba au mnara wa simu, mitambo ya kampuni, mkongo wa taifa upitao nchi kavu, na mara nyingi nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Pingili moja ikikatika, mnyororo wote hulala. Mtafiti hodari haanzi kutikisa kila pingili. Huukata mnyororo katikati kwa swali moja: je, hitilafu iko upande huu wa ruta, au upande ule?

Swali hilo hujibiwa bila gharama. Ruta nyingi hufungua ukurasa wake wa ndani mtu akiandika katika kivinjari anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ambayo aghalabu imebandikwa chini ya kisanduku. Anwani za namna hii zimetengwa kwa matumizi ya ndani peke yake, kwa hiyo ukurasa huo hautoki nje ya nyumba. Ukifunguka, simu na mawimbi ni vizima, na msako uelekezwe mbele. Usipofunguka, bado ni mapema mno kuilaumu kampuni. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa maana alama ya waifai iliyojaa kwenye simu hudhaniwa kuwa ni alama ya intaneti. Sivyo. Alama hiyo husema tu kwamba simu inaisikia ruta vizuri; haisemi kama ruta yenyewe inamsikia mtu yeyote.

Kwa upande wa ndani, jiji la Mwanza lina somo lake la fizikia. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5, yale ya gigahezi 5 ni sentimita 6. Yote hupungua nguvu yanapopenya ukuta wa matofali ya saruji, na yale mafupi hupungua zaidi. Bati huyarudisha yalikotoka. Na kwa wale wanaotumia ruta yenye laini ya simu, jabali lililosimama kati ya nyumba na mnara laweza kuwa adui mkubwa kuliko kampuni yoyote. Kukihamisha kisanduku kutoka nyuma ya televisheni hadi kwenye dirisha linaloelekea mnara huweza kuwa ndiyo tiba yote iliyohitajika. Jambo hili halitaki kukisiwa: mwanafunzi apime kasi mahali pa kwanza, ahame, apime tena, aandike.

Lakini mshukiwa anayesahaulika kuliko wote ni adapta, kile kidude cheusi cha kuchomeka ukutani. Adapta iliyochoka kwa umeme wa kupanda na kushuka huweza kuziwasha taa zote, kisha ruta inapoanza kazi nzito volti zikashuka na ruta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mwalimu akiipima kwa voltimita ikiwa haina mzigo huona volti 12 na kuitangaza kuwa nzima. Aiunganishe na kikinza cha omu 12 chenye kuhimili wati 12, madhali adapta imeandikwa kuwa yatoa ampea 1 au zaidi, halafu apime tena. Ikisoma volti 9, mkondo ni ampea 0.75, na volti 3 zimepotelea ndani; adapta inafanya kazi kana kwamba ina ukinzani wa ndani wa omu 4. Hesabu hiyo ndiyo ile ile inayokaririwa kwa ajili ya mtihani, mara nyingi bila mwanafunzi kuambiwa kwamba inaweza kuinusuru familia isinunue ruta mpya bure.

Hitilafu ikionekana kuwa iko nje, bado maswali hayajaisha. Katika nyumba zenye faiba, taa nyekundu yenye herufi LOS maana yake ni kwamba nuru kutoka kwa kampuni haifiki. Huenda uzi umekatwa barabarani, au umepindwa kwa nguvu nyuma ya kabati hata nuru ikavuja. Asithubutu mtu kuchungulia ndani ya uzi huo, kwani nuru yake haionekani kwa macho, wala haina huruma nayo. Uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi, na kwa sababu hiyo chombo bora cha uchunguzi hapa ni jirani: kama naye ni mteja wa kampuni ile ile na hana huduma saa ile ile, yamkini kosa liko mbele ya nyumba zote mbili.

Taa zikiwa njema na tovuti zisifunguke, hutumika amri iitwayo pingi, ambayo kwa kweli ni kupiga hodi. Hodi ipigwe kwenye anwani ya tarakimu, kama vile 8.8.8.8. Hodi ikiitikiwa, ilhali tovuti hazifunguki kwa majina, kilichoharibika huenda ni huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani, na hiyo hubadilishwa kwa dakika mbili. Pingi husema pia muda wa jibu. Nuru ndani ya kioo huenda kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Kwa hiyo jibu lililorudi kwa milisekunde 20 halikutoka umbali unaozidi kilomita 2,000, licha ya jina la kigeni la tovuti.

Ziko siku ambazo nyumbani hakuna cha kutengeneza. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kusini mwa Afrika, na huduma ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Aliyekaa Nyegezi siku ile akizima na kuwasha ruta yake alikuwa anatibu mguu uliokuwa mzima. Aliyefuata mnyororo angalitambua mapema kwamba ukurasa wa ndani unafunguka, taa ya faiba ni njema, majirani wanalia kilio kile kile, na kwamba pingili iliyovunjika haikuwa sebuleni kwake.

Kampuni nazo zina sehemu yake ya lawama. Mafundi wengi hufunga ruta na kuondoka bila kueleza maana ya taa hata moja. Nywila ya ukurasa wa ndani mara nyingine hufichwa. Hoja yao ni kwamba wateja wataharibu mipangilio, nayo si hoja ya kupuuzwa: aliyefuta mipangilio ya faiba kwa bahati mbaya hubaki gizani mpaka fundi aje. Lakini kumnyima mteja uwezo wa kubadili si lazima kuwe kumnyima uwezo wa kuona. Kipo kiwango cha kuruhusu kusoma peke yake, na kadi moja ya Kiswahili kuhusu rangi za taa haiwezi kuifilisi kampuni.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi. Mahali pa kuanzia ni hapo penye ruta ya shule, au ya nyumbani kwa mwalimu. Daftari la kawaida lifungwe kwa uzi kando yake, na kila hitilafu iandikwe kabla ya mtu yeyote kugusa swichi: saa, rangi za taa, kama ukurasa wa ndani ulifunguka, kama hodi iliitikiwa, kama jirani alikuwa na huduma. Atakayepiga simu kwa kampuni akisoma kutoka daftari hilo hatazungushwa wiki nzima kwa agizo la kuzima na kuwasha. Na akizungushwa, akalazimika kupeleka malalamiko yake kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, atakuwa na tarehe na saa za kuonyesha.