Eti Karate ni ya Samurai?

Nimechoka kusikia kwamba karate ni sanaa ya kale ya samurai wa Japani. Imo kwenye filamu, imo kwenye vipeperushi vya dojo, imo vinywani mwa watu wenye mikanda myeusi waliofanya mazoezi miaka ishirini bila kujiuliza swali hata moja. Wakishamaliza la samurai wanakuja na la silsila: mwalimu wangu alifundishwa na fulani, naye na fulani, mpaka kwa mwanzilishi, bila kuchanganyika na kitu. Kwa hiyo mtindo wetu ndio safi, wenu ni wa kuokoteza.

Ndugu zangu, yote mawili si kweli. Na kuna watu wanaoumizwa na uongo huu.

Tuanze na historia ambayo filamu haziigusi. Okinawa leo ni mkoa wa Japani, lakini kwa karne nyingi ilikuwa nchi yenye mfalme wake, Ryukyu. Iliunganishwa mwaka 1429, makao yake yakiwa Shuri, na ilikuwa na lugha yake ambayo Mjapani wa Tokyo haielewi. Tangu 1372 watawala wa huko walipeleka zawadi za utii China, na biashara na elimu vikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1609 samurai wa Satsuma, kusini mwa Japani, wakaivamia. Mwaka 1879 Japani ikaufuta ufalme kabisa, na mfalme Sho Tai akahamishiwa Tokyo. Kama samurai wana nafasi katika hadithi hii, basi ni nafasi ya mvamizi.

Hapo atatokea mjuaji mwingine: "Ahaa, basi ni sanaa ya wakulima walionyang'anywa silaha, wakajifunza kuwapiga samurai kwa mikono mitupu!" Hadithi tamu, naipenda hata mimi. Lakini tazama majina. Matsumura Sokon alikuwa ofisa aliyewatumikia wafalme. Itosu Anko alikuwa karani wa serikali ya mfalme. Motobu Choki alizaliwa katika ukoo wa kifalme. Wakulima wako wapi hapo? Na yale maandishi ya mwaka 1509 yanayotajwa kuwa ushahidi kwamba mfalme Sho Shin alipiga marufuku silaha, wapo wanahistoria wanaoyasoma kinyume kabisa: mfalme alikuwa anajisifu kwamba amekusanya silaha za kuilinda nchi.

Sasa tuje kwenye jina. Watu wa Okinawa waliuita mchezo huu "ti", yaani mkono, au "todi", mkono wa China. Hawakuona haya kuitaja China. Higaonna Kanryo wa Naha alisafiri hadi Fuzhou kujifunza. Uechi Kanbun naye alikwenda huko huko mwaka 1897 na hakurudi mpaka 1910. Herufi ya "China" inaweza pia kusomwa "kara", sauti ile ile ya herufi nyingine yenye maana ya "tupu". Tarehe 25 Oktoba 1936 walimu wakubwa walikutana Naha, katika kikao kilichoandaliwa na gazeti la Ryukyu Shimpo, wakakubaliana kutumia hiyo ya pili. Mkono wa China ukawa mkono mtupu. Nakubali, Hanashiro Chomo alikwisha kuandika hivyo mwaka 1905, na maana yake ni nzuri. Lakini mwaka uliofuata kikao kile Japani iliingia vita kamili na China. Hebu jiulize, nani angeweza kuuza "mkono wa China" Tokyo wakati huo?

Usafi ulianza hivyo, kwa kufuta. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyeonyesha karate Tokyo mwaka 1922, alibadilisha hata majina ya kata, ile mifululizo ya mapigo na vizuizi tunayoikariri: Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kusanku ikawa Kanku. Alitaka Wajapani waipokee, na waliipokea. Nguo nyeupe na mkanda mweusi aliviazima kwenye judo ya Kano Jigoro. Huo mkanda unaoapia kuwa wa kale haujafikisha hata miaka mia moja na hamsini.

Na hiyo mitindo mnayoigombania? Zamani watu walisema tu huyu ni wa Shuri, yule ni wa Naha, yule wa Tomari. Majina ya mitindo yalishamiri miaka ya 1930, wakati Dai Nippon Butokukai, chama kilichosimamia sanaa za mapigano Japani, kilipotaka kila kitu kiwe na jina na daftari. Goju-ryu ya Miyagi Chojun iliandikishwa mwaka 1933. Mabuni Kenwa yeye aliupa mtindo wake jina la Shito kutokana na herufi za majina ya walimu wake wawili, Itosu wa Shuri na Higaonna wa Naha. Jina lenyewe linatangaza mchanganyiko! Wazee wenyewe walibisha hodi kwa zaidi ya mwalimu mmoja, halafu wewe unaniambia silsila yako haijachanganyika?

Kuna kisa kimoja kinachonisuta kama mwandishi wa habari. Motobu Choki alimwangusha bondia wa kigeni mjini Kyoto miaka ya 1920. Mwaka 1925 jarida maarufu la Kingu likaandika habari hiyo, lakini kwenye michoro mpiganaji akawa na sura ya Funakoshi. Mtu kapigana, sifa kapewa aliyejulikana Tokyo. Okinawa nzima imefanyiwa hivyo hivyo.

Nani anaumia? Watoto wa Okinawa walivalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama zao. Vita vya 1945 viliua takriban robo ya wakazi wa huko na kuteketeza kasri la Shuri pamoja na nyaraka zake. Kyan Chotoku na Hanashiro Chomo walifariki mwaka huo huo. Kisha wakatawaliwa na Marekani hadi 1972, na kambi zake bado zipo. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha lugha yao kati ya zilizo hatarini. Watu hawa wamebakiwa na kitu kimoja ambacho dunia nzima inakijua, na hicho nacho tunawapa samurai!

Tarehe 6 Agosti 2021 Kiyuna Ryo alishinda dhahabu ya kata jijini Tokyo, mtu wa kwanza kutoka Okinawa kupata dhahabu ya Olimpiki. Dunia iliona bendera ya Japani ikipanda. Sawa, ndiyo nchi yake. Lakini mwenye dojo anayejivunia silsila aiseme yote: Wachina wamo, walimu wengi wamo, na kisiwa kilichovamiwa kimo. Akiona haya kuyataja hayo, silsila hiyo anayotuwekea ukutani ni ya nani?