Waya Si Uwindaji, Wacheni Kujidanganya

Niseme wazi, na anayetaka kuacha kunifuata aache: yule jamaa anayetega waya pale mtoni si mwindaji.

Wiki iliyopita nilishuka nyuma ya shamba letu la chai, huku Konoin, nikapata pongo jike amenaswa. Ilikuwa waya ya breki ya baiskeli, imezama shingoni. Alikuwa ashaanza kunuka. Mwenye mtego hata hakurudi kuangalia. Na tumbo lilikuwa kubwa. Pongo hubeba mimba karibu miezi sita na huzaa mtoto mmoja, kwa hivyo hesabu wawili.

Wengi wetu tunaita "swara" kila kitu chenye pembe. Pongo dume ni kahawia iliyoiva, karibu nyeusi, pembe zimejisokota. Jike ni mwekundu-mwekundu, hana pembe. Wote wana madoa meupe, kama mtu amewarushia chokaa. Akishtuka hubweka (ile sauti ya usiku mnayodhani ni mbwa wa jirani, wakati mwingine ni yeye), anainua mkia, unaona weupe tu ukipotea kichakani. Hutembea peke yake, hasa alfajiri na jioni, na hahamihami. Anakaa kwa kale kamsitu kati ya majani chai na mto, anapita njia zilezile. Mama humficha mtoto kichakani na kula kinyesi chake ili chui asipate harufu.

Chui anaweza kudanganywa hivyo. Waya haidanganyiki. Inangoja tu kwa njia, na mtu yeyote anayeweza kuona njia anaweza kufunga kitanzi kisha aende kulala. Ujuzi uko wapi hapo?

Mnaniambia, "Hata Wamarekani huwinda kulungu." Ndio, tumeona hizo video. Kulungu wao mwenye mkia mweupe wako mamilioni. Mwindaji analipia leseni, kuna msimu, kuna idadi, na anamwona mnyama kabla ya kufyatua. Waya yako iliona nini?

Wengine mnasema ni mila. Mila gani? Wazee wetu walienda na mbwa na mkuki, na pongo dume akijeruhiwa anaweza kuua mbwa. Kulikuwa na hatari. Tena kwetu Kipsigis kila ukoo una mnyama wake wa heshima. Breki ya baiskeli ni ya ukoo gani?

Nakubali, pongo hula maharagwe na sukuma wiki, na mama mwenye robo eka akiamka akute shamba limefagiliwa, hiyo ni hasara. Huyo nitamsikiliza. Lakini waya niliyopata ilikuwa mtoni, hakuna hata mche wa maharagwe karibu.

Sheria mnaijua. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema ukiwinda hata kwa chakula chako tu, faini si chini ya shilingi 30,000 au jela si chini ya miezi sita. Ukiuza nyama, faini inaanzia 200,000. Na wewe unayenunua hiyo nyama jioni ukijifanya hujui ni ya nini, uko kwa hiyo biashara pia.

Jumamosi asubuhi nitashuka tena na koleo. Niliona vitanzi vingine viwili ng'ambo ya maji. Anayejua vingine viko wapi aniandikie inbox, jina lako sitalitaja.