Redio Iliyofungwa na Msomi Aliyepandishwa Cheo

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Andrew Cordier hukumbukwa kama mzee wa busara. Mnamo Agosti 1968, baada ya uasi wa wanafunzi, mamia yao kukamatwa na Rais Grayson Kirk kuondoka, Cordier, aliyekuwa mkuu wa Skuli ya Masuala ya Kimataifa chuoni hapo, alikabidhiwa uongozi. Alikuwa kaimu, kisha rais kamili hadi 1970. Alizungumza na wanafunzi na chuo kikatulia. Sifa hiyo siipingi. Ninachokipinga ni wasifu unaoiruka Kongo.

Septemba 1960 Cordier alikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, akimwakilisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld. Jioni ya tarehe 5, Rais Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfuta kazi Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Cordier akaamuru viwanja vya ndege vifungwe. Kesho yake akaifunga na redio.

Watetezi wake husema alizuia umwagaji damu, na kwamba amri ilizihusu pande zote. Hoja hiyo haina uzito. Kasavubu alikuwa ameshasema lake, na ng'ambo ya mto, Brazzaville, alikuwa na redio ya rafiki wa kuitumia. Lumumba, ambaye silaha yake kuu ilikuwa ulimi, ndiye aliyezibwa mdomo. Baraza la Wawakilishi lilibatilisha ufutwaji huo, nalo Seneti likasimama naye. Lakini siku zilizoamua mambo zilikuwa zimekwisha kupita. Tarehe 14 Mobutu akatwaa madaraka. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga.

Cordier hakushika bunduki. Alifunga mlango ambao mtu aliyechaguliwa na wananchi wake angeutumia kujitetea, kisha mwaka 1962 akapewa skuli ya kuwafundisha wengine masuala ya kimataifa.

Wanafunzi, msomapo wasifu wa msomi, ulizeni alifanya nini alipokuwa na mamlaka mbali na kwao, juu ya watu wasioweza kumwajibisha. Nanyi watumishi wa umma, kabla ya kutia saini amri “isiyopendelea upande,” tazameni ni nani mwenye mlango wa nyuma. Amri ikimfungia mmoja tu, aliyeitia saini ameshachagua upande.