Kitabu cha Malezi Huchaguliwaje?

Juma hili naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Katika ofisi ya parokia yetu mna kabati la vitabu vya kuazimisha, nami karani ndiye mwenye ufunguo. Siku moja alikuja kijana ambaye mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Akaniuliza, “Mwalimu, hamna kitabu cha kutufundisha kulea?” Nikamchagulia kimoja cha Kiingereza, chenye jalada gumu na picha nzuri, kilichoandikwa na daktari. Nikaandika jina lake katika daftari, naye akaenda zake kwa furaha.

Baada ya majuma mawili akarudi, kitabu mkononi, uso umekunjamana. Kitabu kilisema mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Mwuguzi wa zahanati alisema alazwe chali. Nyumbani watu wamegawanyika: mama mkwe ageuza mtoto huku, mke amgeuza kule, usiku kucha. “Sasa Mwalimu, tumwamini nani?” Nikafungua kurasa za mwanzo, ambazo sikuzitazama kabla ya kumpa, nikaona kitabu kilipigwa chapa miaka ya 1960. Niliona haya. Nikamwambia, “Ndugu yangu, msikilizeni mwuguzi. Kosa ni langu.” Mtoto alikuwa mzima, namshukuru Mungu.

Msidhani kosa hilo ni dogo. Daktari Benjamin Spock wa Marekani alitoa kitabu chake cha malezi mwaka 1946, kikasomwa na mamilioni ya wazazi. Katika matoleo ya miaka ya 1950 alianza kushauri watoto walazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba aliyelala chali akitapika atapaliwa. Sababu hiyo yaingia akilini, sivyo? Lakini baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba watoto waliolazwa kifudifudi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafula usingizini. Mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani wakabadili shauri lao, na mwaka 1994 wazazi wakaanza kutangaziwa nchi nzima wawalaze watoto chali. Katika miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu.

Daktari yule hakuwa mtu mbaya. Alisema alichokijua. Lakini daktari aweza kubadili shauri lake, na kitabu hakiwezi. Hukaa kabatini kikisema maneno yaleyale kwa kila anayekifungua.

Basi, mzazi, kabla hujakipokea kitabu cha malezi, tazama mambo matatu.

Kwanza, tazama mwaka wa kupigwa chapa. Kitabu cha zamani chaweza kufaa katika mambo ya upendo na adabu, lakini katika kulaza, kulisha na kutibu kisikuongoze. Kwa mfano, tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6. Ukikuta kitabu kinachokuambia umwanzishie uji akiwa na miezi 3, kifunge.

Pili, tazama kama kitabu chatoa nafasi au chatoa amri. Kitabu kisemacho tu, “Mtoto hutembea akiwa na mwaka mmoja,” chaweza kumliza bure mama ambaye mtoto wake ana miezi 14 na bado atambaa. Shirika hilohilo liliwachunguza watoto wazima wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza kwamba karibu wote walianza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Tazama jinsi nafasi ilivyo kubwa! Kitabu chema hukuonyesha nafasi hiyo, kisha hukuambia wakati wa kwenda zahanati: miezi 18 imepita na hatembei, au amepoteza jambo alilokwisha kuliweza, kama kusema au kukaa.

Tatu, tazama kama kitabu kinaijua nyumba yako. Kikitaka chumba cha peke yake mtoto na sanduku la vitu vya kuchezea kutoka dukani, hakikuandikwa kwa ajili yako. Kitabu chema chajua kwamba kikombe, mwiko na sufuria vyatosha kumchezesha mtoto, na kwamba kusema naye, kumwimbia na kumjibu anapotoa sauti ni chakula cha akili yake, wala hakigharimu senti.

Mimi nami nimefanya kazi yangu. Nimetoa vitabu vyote vya malezi, nikabandika mwaka wa kila kimoja juu ya jalada, kisha nikamwomba mwuguzi avipitie. Vinne ameviondoa. Na kila mzazi ajaye kuazima, kwanza namwuliza kama ameisoma kadi ya kliniki ya mtoto wake, maana wengi tunaitunza sandukuni bila kuisoma.

Yule kijana amerudi kuazima kingine. Safari hii, kabla hajanishukuru, alifungua kurasa za mwanzo, akatafuta mwaka. Nilifurahi kuliko yeye. Kuuliza si ujinga.