Treni ina ratiba, baa haina

Wadau wa Karatu, Daa, Mang'ola na kote mnakouza kwa simu, leo nina neno na wenzetu walioshuka Arusha kufuata mzigo karibu, wakapanga chumba kando ya reli kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Swali linakuja inbox kila mara: nihame? Treni inanikata voisi, inanikata laivu, usiku silali vizuri.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili linawasumbua zaidi watu wa kwetu. Huku juu reli hatuna. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi 1911, ikafika Arusha 1929, ikaishia hapo. Karatu mjini kelele yetu ni ya barabara: magari ya utalii yanayowahi geti la Lodoare asubuhi, malori, bodaboda, na mziki wa baa. Aliyekulia Daa amezoea usiku wa kusikia mbwa wa kijiji cha pili. Mtu huyo akilala siku ya kwanza Arusha karibu na reli, ile honi inamwinua kitandani. Na hata wenyeji wa Arusha wengi walikuwa wameshasahau, maana treni ya abiria ilisimama miaka mingi hadi iliporudi 2020. Kuna waliojenga na kupangisha wakati ule wa ukimya.

Msimamo wangu: usihame kwa sababu ya treni tu. Mimi ukinipa vyumba viwili vya bei moja, kimoja kando ya reli na kingine nyuma ya baa au barabara kubwa, nachukua cha reli. Treni inakuja, inapiga kelele dakika mbili tatu, inaondoka, halafu unapata saa nzima au zaidi ya utulivu wa kufanya kazi. Baa inaanza saa kumi jioni na hujui itaisha saa ngapi. Lori halina siku wala saa.

Sio mimi peke yangu ninayefikiri hivyo. Ujerumani kwa miaka mingi sheria ilikuwa inaipunguzia treni desibeli 5 katika hesabu ya kelele, kwa hoja kwamba watu huikereka treni kidogo kuliko barabara yenye kelele ileile, kwa sababu katikati kuna mapumziko. Lakini sikiliza na upande wa pili: kuanzia 2015 waliufuta upendeleo huo kwa reli mpya, baada ya malalamiko mengi, hasa ya treni za mizigo usiku. Hapo ndipo na mimi naweka mpaka wangu. Mchana treni inapangika. Usiku ni habari nyingine, nitaifikia.

Tuanze na biashara. Treni ya abiria ina siku zake na saa zake. Uliza stesheni, uliza majirani, andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Ya mizigo haina uaminifu huo, lakini ukikaa wiki mbili unaandika kila inapopita, utaanza kuona mtindo. Ukishaujua, voisi ndefu za kueleza bidhaa na video unarekodi kwenye yale mapengo. Laivu usiiweke saa ambayo unajua treni inaingia. Wenzetu wa Dar wanaokaa Buguruni au Vingunguti wana mtihani mgumu zaidi, kwa sababu treni ya mjini inapita asubuhi na jioni, na jioni ndiyo saa ambayo wateja wako kwenye status. Wao ni bora warekodi mchana na kupandisha jioni, badala ya kwenda laivu.

Halafu honi ikilia katikati ya simu, usijifanye haipo. Nimesikia watu wanakata simu ghafla, au wanaziba kipaza sauti kwa kidole. Mteja wa Endabash anayetaka kutuma elfu 45 kwa mtu asiyewahi kumwona anasikiliza kila kitu. Simu ikikatika ghafla, anaona dalili ya utapeli. Sema tu, "Samahani kaka, treni inapita, nipe dakika mbili nikupigie." Umemwambia ulipo, na wewe ndiye unayempigia. Hiyo honi imekuwa ushahidi kwamba upo Arusha kweli kama ulivyoandika kwenye ukurasa wako.

Sasa chumba chenyewe. Watu wanauliza umbali kutoka kwenye reli, lakini swali la kwanza liwe umbali kutoka pale barabara inapokatiza reli. Dereva wa treni hupiga honi akikaribia makutano kwa sababu watu na bodaboda wanakatiza, na honi imetengenezwa iwe kali. Marekani sheria inataka honi iwe kati ya desibeli 96 na 110 ikipimwa mita 30 mbele ya kichwa cha treni. Mngurumo wa mabehewa kwenye reli ile ya zamani, yenye maungio yanayogonga, ni mdogo kuliko hapo. Kwa hiyo chumba kilicho mita 50 kutoka kwenye reli, mbali na makutano, kinaweza kuwa na nafuu kuliko kilicho mita 100 karibu na makutano. Dalali hatakwambia hili. (Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, ina uzio na njia za kupita juu na chini, kwa hiyo haina shida hiyo ya makutano. Sisi huku kaskazini bado tuko na reli ya zamani.)

Ukishaingia, kumbuka kwamba sauti hupita pale hewa inapopita. Nyumba zetu nyingi zina uwazi kati ya ukuta na bati, dirisha lisilofunga vizuri, na mlango ulioacha vidole viwili chini. Unaweza kuwa na ukuta wa tofali nene kabisa na bado ukasikia kila kitu kupitia hapo. Kuweka dari na kuziba chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa kunasaidia kuliko mapambo yoyote. Acha sehemu ya kupumulia upande usiotazama reli, na kama unapikia mkaa ndani usizibe kabisa, moshi wake unaua.

Na tafadhali, trei za mayai. Kila siku naona picha ya mtu amebandika trei ukuta mzima anasema amejenga studio. Trei haizuii treni. Ni karatasi nyepesi, inachoweza ni kupunguza mwangwi kidogo mle ndani, na ikishika moto una dakika chache sana za kutoka na mzigo wako. Kama unauza nguo, dawa unayo tayari. Tundika mzigo wako kwenye kamba au henga, panga mabelo upande wa reli, simama katikati ya nguo ndipo urekodi, simu ikiwa karibu na mdomo. Nguo nene, blanketi na godoro vinanyonya sauti vizuri kuliko trei. Anayeuza viatu au vyombo aazime blanketi mbili azitundike nyuma ya simu na nyuma yake mwenyewe. Treni utaisikia bado, ila sauti yako itatoka safi zaidi.

Turudi usiku, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea bila mtu kuhesabu. Muuzaji asiyelala anajibu wateja kwa hasira. Anakosea saizi, anatuma gauni la mteja wa Rhotia kwa mteja wa Oldeani, basi limeshaondoka stendi, na nauli ya kurudisha mzigo inatoka mfukoni kwake. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza 2018 kwamba wastani wa kelele za treni usiku usizidi desibeli 44 nje ya nyumba. Sisi vipimo hivyo hatuna nyumbani, programu za kupima sauti kwenye simu zinakupa makadirio tu, lakini kipimo unacho mwenyewe: kama kila wiki kuna usiku unaamka na kushindwa kulala tena, na mchana unakosea oda, kodi ile nafuu imeshakula faida yako. Jaribu kwanza kuhamisha kitanda kwenda ukuta wa mbali na reli, kabati na mzigo vikae katikati. Nunua vizibo vya masikio dukani kwa dawa, vile vya sponji vinavyobonyea. Pamba ya kawaida haisaidii kitu. Ila mwenye mtoto mchanga asizibe masikio yote mawili. Ukifanya haya mwezi mzima na bado huna usingizi, hapo nakubali, tafuta chumba kingine, na usione aibu kuongeza kodi kidogo.

Kuna wanaosema mtu huzoea. Kweli, baada ya wiki kadhaa wengi hawashtuki tena. Ila masikio kuzoea na mwili kupumzika ni mambo mawili, na usingizi unaweza kukatika bila wewe kukumbuka asubuhi.

Jambo la mwisho halihusu kelele, lakini siwezi kuzungumzia chumba cha kando ya reli nikaliacha. Reli ina hifadhi yake kisheria, na alama za X nyekundu zimeshawahi kuwekwa kwenye nyumba za watu Dar na kwingineko, nyumba zikavunjwa. Mpangaji hana fidia ya mzigo uliofunikwa na tofali. Kabla hujalipa kodi ya miezi 6, muulize mwenye nyumba akuonyeshe karatasi, tazama kuta za majirani kama kuna rangi nyekundu iliyopakwa chokaa juu yake, na uliza serikali ya mtaa mpaka wa reli uko wapi. Wenye watoto waulize pia kama kuna uzio, maana watoto wengi wa mitaa hiyo huchezea kwenye mataruma. Nenda ukione chumba mara mbili, mara moja mchana, na mara nyingine siku ya treni, saa ileile inayopita, usimame mle ndani mlango ukiwa umefungwa na umpigie mtu simu.